Kuchagua na Kuitwa: Lugha na Njia ya Kuingia Shule ya Upili nchini Kenya

Katika Kiswahili cha Kenya, mtoto aliyefaulu mtihani wa mwisho wa shule ya msingi hasemwi kuwa amechagua shule ya upili, wala kuwa amekubaliwa. Husemwa kuwa ameitwa. Jirani apitaye nyumbani siku zile za matokeo huuliza, "Mtoto ameitwa wapi?", naye mzazi hujibu, "Ameitwa Maseno," au "Ameitwa Mang'u," na barua iletayo habari hiyo ni barua ya kuitwa. Msemo huu wastahili kutazamwa na mwanafunzi wa lugha. Kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa, lakini mtenda hatajwi kwa kiungo "na". Jina la shule husimama peke yake, likawa ndipo mahali aendapo mtoto na papo hapo likawa ndiye aliyeita. Mgeni wa nchi angeweza hata kudhani kwamba mtoto amepewa jina la Maseno, na ni muktadha tu umwokoao na kosa hilo. La ajabu ni kwamba fomu ya kuchagua shule imejazwa mwaka baada ya mwaka, majina ya shule yakapangwa la kwanza, la pili na la tatu, na hata hivyo kitendo hicho cha kuchagua hakikupata nafasi katika mazungumzo ya watu.

Historia yaonyesha kwamba watu hawakukosea. Kati ya fomu na barua kulisimama mtihani, na mtihani ulikuwa na lugha yake. Aliyeimudu lugha hiyo aliitwa. Asiyeimudu aliandika majina ya shule kwa wino mzuri na mambo yakaishia hapo. Kwa sababu hiyo habari ya kuingia shule za upili nchini Kenya haiwezi kutengwa na habari ya lugha zilizotahiniwa, na hasa habari ya Kiswahili, ambacho kwa miaka mingi kilisifiwa majukwaani na kuachwa nje ya chumba cha mtihani.

Zamani za mwanzo hapakuwa na mengi ya kuchagua. Shule za juu za Waafrika zilikuwa mali ya misheni, na ubatizo ndio ulioonyesha njia. Maseno ilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1906. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua shule yao Kabaa mwaka 1925, ambayo baadaye ilihamia Mang'u. Wale wa Mill Hill wakafungua Yala mwaka 1927. Kati ya miaka hiyo miwili, tarehe 1 Machi 1926, misheni za Kiprotestanti zilizokuwa zimeungana zilianzisha Alliance huko Kikuyu. Mtoto wa Kikatoliki hakuwa na haja ya kujiuliza kama aende Alliance au Kabaa. Padre alikwisha kujua. Rangi nayo ilikuwa mpaka mkubwa kuliko dini. Wazungu walikuwa na shule ya Prince of Wales tangu mwaka 1931 na Duke of York tangu 1949, Wahindi na Waarabu nao walikuwa na zao, na hakuna fomu iliyoweza kumvusha mtoto kutoka kundi moja kwenda jingine. Mwaka 1948 ilifunguliwa Kikuyu shule ya sekondari ya wasichana wa Kiafrika, lakini nafasi za wasichana ziliendelea kuwa chache mno.

Tume ya Beecher ya mwaka 1949 ndiyo iliyoujenga mlango wa mtihani kwa namna ambayo wazee wengi wanaikumbuka. Elimu ya Mwafrika iligawanywa katika vipande vitatu vya miaka minne minne. Mwisho wa darasa la nne palikuwa na mtihani wa kuchuja, na mwisho wa darasa la nane palikuwa na mwingine uliojulikana kwa herufi KAPE. Wazazi wengi, hasa katika sehemu za kati za nchi, waliona kwamba mpango huo ulikusudiwa kuwazuia watoto wao. Walikuwa tayari na shule zao za kujitegemea, zilizojengwa kwa michango yao wenyewe, ambamo mzazi alikuwa na sauti. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952 shule hizo zilifungwa au kuwekwa chini ya usimamizi wa serikali, na uchaguzi ule mmoja uliokuwa wa mzazi kweli ukatoweka.

Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwezi wa Mei mwaka 2025, alieleza katika kitabu chake kiitwacho Decolonising the Mind, kilichotoka mwaka 1986, jinsi mtihani wa wakati huo ulivyokuwa. Katika darasa lake la mwaka 1954 alikuwapo mvulana aliyepata alama za juu kabisa katika masomo yote isipokuwa Kiingereza, ambacho alianguka. Kwa kuanguka Kiingereza alihesabiwa kuwa ameanguka mtihani mzima, na mwisho wake akawa utingo wa basi. Ngũgĩ mwenyewe, ambaye asema alama zake katika masomo mengine zilikuwa za kawaida tu, alikuwa amefanya vizuri katika Kiingereza, na mwaka 1955 akaingia Alliance. Kisa hiki kimerudiwa mara nyingi katika mijadala ya lugha, na kwa kawaida hutumiwa kuonyesha ukoloni wa fikira. Lakini maana yake ya kwanza ni nyepesi zaidi na ni ya kiutawala: katika utaratibu ule Kiingereza hakikuwa somo mojawapo, bali kilikuwa sharti la masomo yote. Mvulana yule alikuwa na haki ya kuchagua shule kama wenzake. Kilichokosekana ni lugha ya kumfanya aitwe.

Uhuru ulipofika mwaka 1963 nchi ilikuwa na shule za msingi zaidi ya 6,000 zenye wanafunzi wasiopungua 890,000, na shule za sekondari 151 zenye wanafunzi wapatao 30,000 tu. Hesabu hizo zatosha kueleza kwa nini mtihani uliogopwa. Mipaka ya rangi iliondolewa. Shule ya Prince of Wales ikaja kuitwa Nairobi School na Duke of York ikaitwa Lenana, na kwa mara ya kwanza mtoto wa mkulima wa Kisii au wa Taita aliweza kuandika majina hayo katika fomu yake. Tume ya Ominde, iliyotoa taarifa yake ya kwanza mwaka 1964, ilipendekeza Kiingereza kitumike kufundishia tangu darasa la kwanza. Ilipendekeza pia Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi kwa ajili ya umoja wa taifa. Mapendekezo hayo mawili yaliandikwa katika taarifa moja, lakini hayakupewa nguvu sawa. La kwanza lilikuwa na mtihani nyuma yake. La pili lilikuwa na nia njema tu.

Mtihani mpya, ambao mwishoni mwa miaka ya 1960 ulikuja kujulikana kwa herufi CPE, ulikuwa na karatasi tatu: Kiingereza, Hesabu, na karatasi ya maarifa ya jumla iliyokusanya historia, jiografia na sayansi. Hata hizo mbili za mwisho ziliandikwa kwa Kiingereza, hivyo mtoto asiyeelewa swali la hesabu kwa lugha alianguka hesabu. Kiswahili hakikuwamo. Kilikuwamo katika ratiba ya masomo, bila shaka, lakini kila aliyepata kufundisha darasa la saba ajua ratiba huwaje kipindi cha mwisho wa mwaka kinapokaribia. Kipindi cha Kiswahili kiligeuzwa kuwa cha hesabu, na mwalimu aliyefanya hivyo hakuwa mwovu wala msaliti wa lugha ya taifa. Alijua wazazi watamhukumu kwa idadi ya walioitwa.

Mwezi wa Julai mwaka 1974 Rais Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike katika Bunge. Wabunge waliokuwa wamezoea kuhutubia kwa Kiingereza walilazimika kutafuta maneno hadharani, na mengi yamesimuliwa juu ya hali hiyo, mengine ya kuchekesha. Mwaka huo huo, na kila mwaka hadi mtihani wa CPE ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 1983, mtoto wa Kenya aliweza kumaliza shule ya msingi, kupata alama za juu kupita wote na kuitwa katika shule iliyo bora kabisa bila kuandika neno moja la Kiswahili mbele ya mtahini. Mtoto wa Lamu au wa Vanga, aliyezaliwa na lugha hiyo kinywani, hakupata hata alama moja kwayo. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa lugha kupewa cheo bila kupewa kazi.

Fomu yenyewe ilikuwa na hekima yake, na hekima hiyo ilikuwa ya walimu wakuu wa shule za msingi kuliko ya wazazi. Ilijazwa kabla ya matokeo, hata kabla ya mtihani, kwa hiyo kuchagua kulikuwa ni kubashiri. Shule zenye jina hazikupenda kumchukua mtoto aliyeziweka katika nafasi ya pili, maana walioziweka kwanza walikuwa wengi kuliko vitanda. Mtoto aliyetaka makuu akakosea kidogo katika mtihani alianguka toka juu hadi chini, akipita shule ya katikati ambayo ingemchukua laiti angaliitaja kwanza. Mzazi asiyejua kusoma alitia kidole gumba au sahihi mahali alipoonyeshwa. Aliyesoma alibishana na mwalimu, na mara nyingine alishinda kwa hasara ya mtoto. Wakati wa kuchagua ulipofika kwa wakuu wa sekondari, wao walikuwa na orodha za alama mbele yao, na sura ya mtoto, bidii yake au umbali wa nyumba yao havikuandikwa katika orodha hizo. Starehe, iliyoanzishwa mwaka 1959 kwa ajili ya wavulana maskini, ilijulikana kwa kuwa na fomu yake ya pekee iliyouliza pia juu ya hali ya nyumbani, na hiyo ilikuwa tofauti na desturi.

Barua nayo haikuwa mwisho wa mambo. Ilikuja na orodha: karo ya muhula wa kwanza, sanduku la bati, blanketi, shuka, viatu vyeusi, sare, vitabu. Ng'ombe aliuzwa, au shamba lilikodishwa, au wajomba na majirani waliitwa kuchanga. Walikuwapo watoto walioitwa wasiende, na hao hawamo katika hesabu za kuanguka wala za kufaulu. Kwa wale ambao hawakuitwa palikuwa na njia mbili. Moja ilikuwa kurudia darasa la saba, mara nyingine chini ya jina jingine na katika shule nyingine. Ya pili ilikuwa shule ya harambee, iliyojengwa na wanakijiji wenyewe, ambayo mara nyingi karo yake ilikuwa kubwa na walimu wake wachache kuliko katika shule ya serikali. Serikali ilipofuta karo ya madarasa manne ya kwanza kuanzia mwaka 1974, wale walioingia darasa la kwanza mwaka huo walifika darasa la saba mwaka 1980, na umati wa watahiniwa ukazidi nafasi zilizokuwapo kwa kiasi ambacho shule za harambee peke yake zisingeweza kukimudu.

Halmashauri ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima lenye kutahiniwa. Miaka ikapita. Jopo la Mackay la mwaka 1981, lililoundwa hasa kuangalia habari ya chuo kikuu cha pili, liligusa mfumo wote wa elimu na kulipa jambo hilo nguvu mpya, na mfumo wa 8-4-4 ukazaliwa. Wanafunzi ambao wangefanya CPE mwaka 1984 hawakufanya mtihani. Walipanda darasa la nane, na mwaka 1985 wakafanya KCPE ya kwanza. Miongoni mwa karatasi zake ilikuwamo ya Kiswahili, yenye sehemu ya lugha na sehemu ya insha, nayo ilihesabiwa sawa na ya Kiingereza. Miaka 21 ilikuwa imepita tangu taarifa ya Ominde.

Matokeo yalionekana upesi kuliko ilivyotazamiwa. Vipindi vya Kiswahili havikuibwa tena. Wachapishaji waliokuwa wakisita waliharakisha vitabu vya sarufi, vya methali na vya mazoezi, na mwalimu wa Kiswahili, aliyekuwa akipewa somo hilo kwa kuwa amekosa jingine, akawa mtu wa kutafutwa. Kwa kuwa somo liliendelea kuwa la lazima hadi kidato cha nne, na mtihani wa kwanza wa KCSE ukafanywa mwaka 1989, vyuo vikuu navyo vililazimika kutoa walimu. Hapana budi kukiri kwamba yale ambayo hotuba na maazimio ya miongo miwili hayakuyafanya yalifanywa na tamaa ya mzazi ya kuona mtoto wake akiitwa. Wapenzi wa lugha hawapendi sana kulisema jambo hili, kwa maana linaondoa fahari kwenye ushindi wenyewe.

Wala ushindi huo haukuwa bila dosari. Karatasi ya lugha ilikuwa na maswali 50, kila moja na majibu manne, na mtoto akaambiwa achague lifaalo; huko ndiko kuchagua kulikokuwa kwake kwa hakika. Lugha iliyopimwa kwa njia hiyo iligeuka kuwa ghala la vitu vya kukariri: ukubwa na udogo wa majina, vitendawili, tarakimu kwa maneno, majina ya makundi. Insha zilianza kufanana. Kila asubuhi ndani yake jua lilichomoza kwa madaha na ndege wakaimba, na methali zilipangwa aya kwa aya kama shanga, hata pale habari iliyosimuliwa ilikuwa ya ajali ya matatu. Mtahini aliyesoma mia za namna hiyo alitamani sentensi moja ya mtoto aliyeona kitu kwa macho yake.

Kwa watoto wa pwani kulikuwa na utata mwingine. Kiswahili cha mtihani ni Kiswahili sanifu, na usanifu huo ulitokana na mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliokichagua Kiunguja kuwa msingi, dhidi ya madai ya Kimvita. Mtoto wa Amu asemaye mato kwa macho, ndia kwa njia na ndaa kwa njaa alilazimika kuacha usemi wa mama yake mlangoni ili apate alama katika lugha yake mwenyewe. Alikuwa amepewa karatasi aliyonyimwa kwa miaka mingi, akaikuta imeandikwa kwa lahaja ya jirani. Mwenzake wa bara, aliyejifunza Kiswahili kitabuni tangu mwanzo, hakuwa na la kuacha, na mara nyingine alimshinda.

Mwaka 1985 ulileta jambo jingine ambalo athari zake za kilugha hazijatazamwa vya kutosha. Asilimia 85 ya nafasi katika shule za mikoa zilitengewa watoto wa eneo lenyewe. Sababu zilizotolewa zilikuwa za haki, maana maeneo yaliyojenga shule kwa jasho yao yaliona nafasi zikichukuliwa na watoto waliotoka mbali. Lakini bweni la shule ya upili lilikuwa limekuwa mojawapo ya mahali pachache ambapo mtoto wa Mluo, wa Mkamba na wa Mgiriama walilala katika chumba kimoja wasiwe na lugha ya kugombana isipokuwa Kiswahili au Kiingereza. Mahali ambapo bweni lilijaa watoto wa lugha moja, Kiswahili kilibaki darasani pamoja na mwalimu wake, kikafutwa ubaoni kengele ilipolia. Hivyo mwaka ule ule ulikipa Kiswahili mtihani na kukipunguzia wasemaji wa usiku. Shule 18 za kitaifa tu ndizo zilizoendelea kuchukua watoto wa kila wilaya.

Yaliyofuata yaweza kuelezwa kwa ufupi. Karo ya shule za msingi za umma ilipofutwa mwaka 2003, wazazi wenye uwezo walihamisha watoto wao katika shule za binafsi, na watoto hao wakazijaza shule za kitaifa, mpaka mwaka 2011 Wizara ikagawa nafasi kwa kulinganisha idadi ya watahiniwa wa pande mbili. Tangu mwaka huo shule za mikoa zilianza kupandishwa daraja, na za kitaifa zikaja kuzidi 100, jambo lililoongeza heshima ya majina kuliko idadi ya maabara. Kuanzia mwaka 2018 iliamriwa kwamba kila aliyefanya KCPE aingie kidato cha kwanza. Wote sasa waliitwa, na tofauti ya kuitwa hapa au pale ikawa kali zaidi. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023.

Katika mfumo uliofuata, mwanafunzi huchagua shule ya juu akiwa katika gredi ya 9, na mtihani wa kwanza wa ngazi hiyo ulifanywa mwaka 2025. Huchagua pia mkondo mmoja kati ya mitatu: wa sayansi na teknolojia, wa sayansi za jamii, au wa sanaa na michezo. Kiswahili kimebaki somo la wote, isipokuwa wale wasomao Lugha ya Ishara ya Kenya badala yake. Fasihi ya Kiswahili, kwa upande wake, imewekwa miongoni mwa masomo ya hiari, na si kila shule iliyo na mwalimu wa kuifundisha. Mtoto wa miaka 14 au 15 anayeipenda itambidi kwanza aijue shule inayoifundisha, kisha aiandike katika fomu yake kabla ya mtihani, kisha angoje.